Hazisomeki

Saa tatu asubuhi, Tudor, nyumba ya ghorofa moja,
napiga magoti mbele ya kabati la mvule
kama mtu aliyeangusha sindano.
Unga mweusi unatua, unachagua pa kukaa:
hapa mafuta ya nywele, hapa jasho,
hapa mtoto alishika mlango
na mkate wa mofa haujamtoka mkononi.
Joto la Mombasa ni hasimu wa kazi yangu,
fukuto huyeyusha alama kama samli.
Nazima feni. Nabana pumzi.
Natandaza utepe, nauvuta taratibu.

Bi Rukiya, mwenye nyumba, amenisimamia kichwani.
"Usijisumbue. Mwizi twamjua. Yuko kituoni."
Kimepotea kidani, bangili sita, pete ya mahari.
Sanduku la bati jekundu limeachwa wazi,
na ndani ya kifuniko chake naipata:
alama ya gumba, pana, safi,
mistari yake imejikunja kuelekea kushoto
na kovu dogo limeikata kama njia ya mchwa.
Naibandika kwenye kadi. Naandika saa. Sisemi kitu.
Kazi hii ilinifunza kunyamaza
kabla haijanifunza kemia.

Kituoni Sidi Kazungu amekaa kwenye benchi,
viatu ameshika mkononi,
na hakuna aliyemwambia avivue.

Namshika kidole kimoja kimoja,
nakiviringisha kwenye wino, kisha kwenye kadi,
na kadi inanirudishia madoa.
Kumi. Laini, meusi, kama mbegu za papai.
Namfuta kwa spiriti, narudia.
Hakuna tao, hakuna mzunguko, hakuna hata mstari
wa kumwambia hakimu huyu ni nani.

Koplo Barasa anapiga meza kwa furaha.
"Umeona? Amejichoma makusudi. Huyu ni mzoefu!"

"Mama, kabla ya Tudor ulifanya kazi gani?"

"Korosho. Kule Kilifi. Miaka kumi na minne nabangua.
Lile ganda lina mafuta yake, mwanangu,
hula ngozi polepole, wala hulii.
Siku moja washika mshahara, noti huzisikii."

Nami nimezila korosho maisha yangu yote,
za chumvi, kwa vikaratasi,
sijauliza hata mara moja nani alizivua nguo.
Chanda chema huvikwa pete, tuliimbishwa shuleni.
Hivi kumi havijavikwa kitu
hadi leo, nilipovivika wino.

Usiku, maabara, taa moja.
Fomu yataka neno moja tu, nami naliandika: Hazisomeki.
Neno hilo halimfungi. Wala halimtoi.
Fomu haina safu ya korosho.
Naiandika pembeni, kwa herufi ndogo,
maganda, mafuta, miaka kumi na minne,
ingawa najua wakili yeyote ataikata kwa kalamu.

Utaratibu ni kuchukua pia alama za wenye nyumba,
ili kuwatoa hesabuni.
Kijana wa Bi Rukiya alikuja ananukia udi,
akanipa mkono akicheka, kama anayepimwa saa ya mkononi.
Gumba la kulia. Kovu. Njia ya mchwa.
Nililitazama mara nne, kisha nikamwita mwenzangu alitazame.

Kufikia adhuhuri simu ililia.
Bi Rukiya anaondoa kesi. "Ni mambo ya nyumbani," asema,
na sauti yake, kwa mara ya kwanza, ni ndogo.

Hakuna aliyemwomba Sidi radhi. Walimrudishia leso yake.
Alipita mlangoni kwangu, akaninyoshea mikono:
"Huu wino watokaje?"
Nikampa kipande cha sabuni ya mche, nikamfungulia bomba.
Ulitoka mara moja.
Haukuwa na mfereji wa kujificha.

Leo Ijumaa, nimesugua kwa ndimu, kwa mchanga,
na ninapomega mkono wa tambi
bado ninao, mweusi, katika kila mstari.